Makombora Makubwa ya Mizinga katika Picha za Kale: Namna ya Kuyatambua

Picha nyingi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zilizopigwa katika eneo ambalo leo ni Tanzania zingalipo. Baadhi zimo katika hifadhi za nyaraka na makumbusho, nyingine katika maktaba za Ulaya, na nyingine katika masanduku ya familia ambazo babu zao walikuwa askari, wapagazi au mafundi wa reli. Miongoni mwake zimo picha za mizinga na makombora, na aghalabu nyuma yake pameandikwa maneno machache tu: “kombora la Mjerumani”, “bomu la meli”, “mzinga mkubwa, Rufiji”.

Maneno hayo machache yana uzito kuliko yanavyoonekana. Picha ikishawekwa katika onesho au kitabu, maelezo yake hunakiliwa na wengine bila kuhojiwa, na kosa moja huweza kudumu kwa miaka mingi. Jambo la pili ni usalama. Mkulima, mvuvi au mfanyabiashara wa vyuma chakavu anayekutana na chuma cha mviringo kilichochongoka huweza kukilinganisha na picha aliyowahi kuiona na kuamua, kwa kosa, kwamba ni ganda tupu. Kwa hiyo kujua picha inaweza kueleza nini, na haiwezi kueleza nini, ni jambo linalomhusu mwananchi wa kawaida na si mtaalamu wa historia pekee.

Lugha yenyewe huchangia utata. Katika mazungumzo ya kila siku neno “bomu” hubeba karibu kila kitu kinacholipuka: kinachodondoshwa na ndege, kinachorushwa kwa mkono, kinachozikwa ardhini na kinachofyatuliwa kwa mzinga. Kwa kumbukumbu za maandishi neno hilo halitoshi. Katika makala haya, kombora ni kile chuma kinachoruka kutoka kwenye mtutu wa mzinga kwenda kwa adui. Ganda ni kile chombo cha shaba ya njano kinachobeba baruti ya kulisukuma kombora, na ambacho hubaki kwenye mzinga baada ya kufyatua. Fyuzi ni kifaa kinachowasha mlipuko, nacho huwekwa ama kwenye ncha ya kombora ama kwenye kitako chake. Sehemu kubwa ya picha zinazoitwa picha za makombora kwa kweli ni picha za maganda matupu yaliyorundikwa baada ya mapigano. Ganda liko wazi upande mmoja, lina ukingo uliotokeza kwenye kitako na halina ncha. Tofauti hiyo huonekana hata katika picha iliyofifia.

Mizinga iliyofika nchini

Utambuzi huanza kabla ya kuitazama picha kwa karibu. Swali la kwanza ni hili: ni mizinga gani iliyowahi kufika mahali picha ilipopigwa? Katika Ufaransa na Ubelgiji swali hilo lina majibu mengi mno. Katika Afrika Mashariki orodha ni fupi, na hapo mtafiti wa hapa ana nafuu kubwa.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Pegasus ilikuwa na mizinga minane ya inchi 4, yaani milimita 101.6. Baadaye Königsberg ilijificha katika delta ya Mto Rufiji, na tarehe 6 na 11 Julai 1915 ikashambuliwa na manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizobeba mizinga ya inchi 6, huku ndege zikielekeza shabaha kutoka angani. Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe tarehe 11 Julai. Hata hivyo, mizinga yote kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakasaidia kuiundia magurudumu.

Kuanzia hapo mizinga ya meli ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja ulitumika Kahe, karibu na Moshi, Machi 1916. Mwingine ulipiga ngome ya Waingereza huko Kibata, katika vilima vya Matumbi, Desemba mwaka huo. Mwingine ulifungwa kwenye meli Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo wakazi wa Kigoma na Kasanga wanaijua leo kwa jina la MV Liemba. Kwa sababu hiyo, kombora la manowari linaloonekana katika picha ya milimani au ya ziwani, mamia ya kilomita kutoka baharini, halipaswi kukataliwa kwa hoja kwamba “meli haikufika huko”.

Tatizo gumu zaidi liko kwenye namba zenyewe. Kati ya kombora la milimita 105 la Königsberg na kombora la inchi 4 la Pegasus kuna tofauti ya milimita tatu na ushei. Hakuna picha ya kawaida inayoweza kuonesha tofauti hiyo kwa kipimo. Wengi hukisia kwa kuangalia aliyevaa sare katika picha: akiwa Mjerumani, basi kombora ni la Königsberg. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa pande zote mbili zilipiga picha na silaha zilizotekwa, na baadhi ya mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa majini. Mzinga mmoja wa kila meli umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na anayetaka kujifunza tofauti za umbo lake atapata faida zaidi kwa kuitazama hiyo miwili kuliko kwa kusoma maelezo.

Ugumu huongezeka kwa meli Marie, iliyofika Ghuba ya Sudi, mkoani Lindi ya leo, Machi 1916 ikiwa na shehena ya silaha kwa ajili ya majeshi ya Kijerumani. Ndani yake zilikuwamo hauza nne za sentimita 10.5. Hauza ni mzinga wa mtutu mfupi unaorusha kombora juu sana ili liangukie nyuma ya kilima. Kwa hiyo Wajerumani walikuwa na silaha mbili za kipenyo kilekile ambazo risasi zake hazikuweza kubadilishana. Ganda la mzinga wa Königsberg ni refu, kwa kuwa kombora lilihitaji baruti nyingi ili lifike mbali, nalo kombora na ganda viliunganishwa kuwa kitu kimoja. Ganda la hauza ni fupi mno, mfano wa kopo pana. Picha inayoonesha “makombora ya 10.5” bila maganda yake inaweza kuacha swali hilo wazi, lakini ganda likionekana hata kwa sehemu, jibu hupatikana mara moja.

Makombora makubwa kuliko yote katika ukanda huu yalibebwa na manowari za Kiingereza. Mwishoni mwa Novemba 1914 manowari Goliath na Fox zilipiga Dar es Salaam, na jumba la gavana wa Kijerumani, katika eneo ambalo leo ni Ikulu, likaharibiwa vibaya. Goliath ilikuwa na mizinga minne ya inchi 12, yaani milimita 305, na kombora lake lilikuwa na uzito wa takribani kilo 386. Lakini Goliath hiyohiyo ilikuwa pia na mizinga kumi na miwili ya inchi 6, na Fox ilikuwa na mizinga ya inchi 6 na ya inchi 4.7. Picha yenye maandishi “kombora la Goliath” haijasema bado ni kombora la ukubwa gani.

Kupima kwa kutumia kitu kinachojulikana

Kipenyo cha kombora ndicho kitambulisho chake cha kwanza. Ili kukipata kutoka katika picha, hutafutwa kitu kingine katika picha hiyohiyo ambacho ukubwa wake unajulikana na hakikubadilika. Katika picha za Tanzania kitu bora kuliko vyote ni reli. Reli ya Kati na Reli ya Usambara zilijengwa kwa upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Bunduki nazo husaidia: bunduki ya Kijerumani aina ya Mauser ya mwaka 1898 ina urefu wa milimita 1,250, na ile fupi ya Kiingereza aina ya Lee-Enfield ina takribani milimita 1,130. Debe la mafuta ya taa, ambalo halikosekani katika picha za kambi, lina kimo cha karibu sentimita 35.

Kipimo kibaya kuliko vyote ni mtu. Watu hutofautiana kimo, huinama, huvaa kofia, na zaidi ya yote husimama nyuma ya kombora badala ya kando yake. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Kombora likiwa mita tatu kutoka kwenye lenzi na askari akiwa mita nne, kombora litaonekana kubwa kwa theluthi nzima kuliko lilivyo likilinganishwa na askari huyo. Wapiga picha wa wakati ule walilijua jambo hili na wengine walilitumia makusudi, kwa kuwa picha ya silaha ya kutisha iliuzika vizuri kama kadi ya posta.

Mfano mmoja utaonesha jinsi hesabu inavyofanyika na mahali inapokwama. Tuseme katika picha iliyosafishwa kwenye karatasi, upana wa reli unapimika kuwa milimita 20, na kombora lililolazwa juu ya reli hiyo, kwa umbali uleule kutoka kwenye kamera, lina kipenyo cha milimita 6. Reli halisi ni milimita 1,000, kwa hiyo kila milimita ya picha ni milimita 50 za kweli, na kombora lina kipenyo cha milimita 300. Mtu atafurahi na kuandika “inchi 12”. Lakini rula ya kawaida hukosea kwa nusu milimita kwa urahisi, na nusu milimita hapa ni milimita 25. Kipenyo cha kweli kiko basi popote kati ya 275 na 325, na ndani ya nafasi hiyo yumo Mwingereza wa milimita 305 na yumo Mjerumani wa milimita 283. Jibu la haki ni “takribani milimita 300”, na si zaidi ya hapo. Hesabu huwa bora pale picha inapoingizwa kwenye kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye kioo au filamu ya awali, na si kutoka kwenye nakala ya gazeti.

Inashauriwa kupima kipenyo na kuuacha urefu uwe ushahidi wa pili. Kombora lililoelekezwa upande wa kamera huonekana fupi kuliko lilivyo, ilhali kipenyo chake hakipungui. Kitako chake kikionekana kama duara lililobanwa, hiyo ni dalili kwamba limeinama, na kadiri duara linavyokaribia kuwa kamili ndivyo urefu unavyodanganya zaidi. Makombora ya enzi hizo aghalabu yalikuwa na urefu wa mara tatu hadi nne za kipenyo chake. Kinachoonekana chembamba na kirefu kupita hapo, chenye mapezi au parafujo nyuma, huenda si kombora la mzinga bali ni torpido, ambayo huwa na urefu wa mita kadhaa. Kilicho na mapezi na umbo la yai ni bomu la ndege. Na duara lenye vipembe ni mtego wa baharini.

Uzito nao husaidia, ingawa hauonekani. Kombora la Königsberg lilikuwa na takribani kilo 17. Mtu mzima alilishika mikononi na kutabasamu mbele ya kamera. Kombora la inchi 6 lilikuwa na takribani kilo 45. Anayelibeba huonekana amejipinda mgongo au amesaidiwa. La inchi 12 halibebwi. Lazima katika picha paonekane winchi, kigari, mnyororo au kundi la watu, na picha ya mtu mmoja aliyelikumbatia “kombora la inchi 12” ama si la inchi 12 ama ni mfano wa mbao.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika vita hivyo ulikuwa takribani kilo 25 hadi 30. Picha nyingi za misafara zinaonesha watu wenye masanduku vichwani, na ndani ya masanduku hayo mara nyingi kulikuwa na risasi na makombora madogo. Katika maelezo ya picha hizo silaha hupewa jina na namba yake kamili, na wanaoibeba huandikwa “wenyeji”. Kumbukumbu yao imebaki zaidi katika jina la Kariakoo, lililotokana na kambi ya wapagazi, kuliko katika maandishi ya nyuma ya picha. Anayeandika upya maelezo ya picha za aina hii anapaswa kueleza pia watu wanafanya nini, maana mkao wao ni ushahidi sawa na ule wa chuma.

Mkanda, ncha na chapa

Baada ya kipenyo, jicho liende kwenye mkanda wa shaba nyekundu ulio karibu na kitako cha kombora. Mkanda huo ni laini kuliko chuma na ni mpana kidogo kuliko kombora lenyewe. Wakati wa kufyatua, mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu huukata na kulizungusha kombora ili liruke bila kupinduka. Kombora lisilo na mkanda, lakini lenye vifundo vya metali laini vilivyopangwa ubavuni, ni la kizazi cha nyuma zaidi, cha mizinga iliyopakiwa mdomoni katika nusu ya pili ya karne ya 19. Tufe tupu la chuma ni la zamani zaidi, la mizinga ya aina inayoonekana katika ngome za pwani.

Mkanda huo ndio unaoeleza pia kama kombora limekwisha kufyatuliwa. Ukiwa laini pande zote, kombora halijapita kwenye mtutu. Ukiwa na mikwaruzo sambamba iliyolala mshazari, limefyatuliwa. Na kama limefyatuliwa na bado ni zima, basi ama lilikuwa la mazoezi ama lilishindwa kulipuka. Hilo la mwisho ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu mshtuko wa kufyatuliwa huweza kuwa umekwisha kufungua kinga ya fyuzi. Katika picha safi mikwaruzo hiyo inaweza kuhesabiwa, na idadi yake ni kitambulisho kizuri cha aina ya mzinga. Kwa bahati mbaya picha za namna hiyo ni chache.

Ncha husema kuhusu kazi. Yenye kipande cha shaba ya njano kilichofungwa kwa parafujo ina fyuzi mbele, na kombora lilikusudiwa kulipuka linapogusa ardhi au likiwa angani. Iliyochongoka na kuwa chuma kitupu ina fyuzi kwenye kitako, kama yalivyokuwa makombora ya kutoboa chuma cha meli. Ncha butu iliyo bapa au yenye tundu huenda imefungwa kizibo tu kwa ajili ya usafirishaji. Kuhusu chapa, zana za serikali ya Uingereza zilipigwa alama ya mshale mpana wenye vidole vitatu, na zana za jeshi la majini la Kaisari wa Ujerumani zilipigwa taji juu ya herufi M. Alama hizi ni ndogo na huonekana zaidi kwenye kitako cha ganda, sehemu ambayo wapiga picha hawakuijali.

Rangi isiyoonekana

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Makombora yalipakwa rangi ili askari asikosee. Kombora la Kiingereza lililojazwa lidaiti, baruti kali iliyotengenezwa kwa asidi ya pikriki, lilikuwa la rangi ya njano na pete nyekundu karibu na ncha. Kombora la kutawanya risasi lilikuwa jeusi lenye ncha nyekundu. Mtazamaji wa leo akiona kombora jeupe au jeusi katika picha isiyo na rangi hudhani anaiona rangi yake.

Haoni. Vioo vya kamera vya mwanzo vilihisi zaidi mwanga wa buluu. Buluu ilitoka nyeupe, na njano na nyekundu zilitoka nyeusi. Aina iliyoboreshwa baadaye ilianza kuhisi kijani na njano, lakini nyekundu iliendelea kutoka nyeusi kabisa. Kwa hiyo kombora la njano lenye pete nyekundu linaweza kutokea katika picha moja likiwa jeusi tupu, na katika picha nyingine likiwa la kijivu lenye pete nyeusi, kutegemea kioo kilichotumika. Na kombora jeusi lenye ncha nyekundu litaonekana jeusi lote. Vioo na filamu zenye kuhisi rangi zote ziliuzwa tangu mapema katika karne ya 20, lakini matumizi yake hayakuenea hadi baada ya vita hivyo. Picha zilizotiwa rangi kwa mkono au kwa programu za kompyuta za siku hizi hazina ushahidi wowote wa rangi, hata zikipendeza vipi.

Kioo pia huweza kusafishwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Dalili yake hupatikana kwenye maandishi yaliyogeuka au kwenye bunduki. Mpini wa kufungulia bunduki aina ya Mauser uko kulia, na ukionekana kushoto kwa askari wote, picha imegeuzwa. Jambo hili halibadilishi kipenyo cha kombora, ila hubadilisha mandhari, na mandhari ndiyo inayotumika kutambua mahali.

Maelezo yaliyoandikwa na wengine

Maandishi ya nyuma ya picha ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa alichoamini mwandishi wake. Mara nyingine kosa lake ndilo linalosaidia. Waingereza waliuita mzinga wa Königsberg “inchi 4.1”, kwa kuibadilisha sentimita 10.5 kuwa kipimo chao. Wao wenyewe katika kampeni hii walikuwa na inchi 4 na inchi 4.7. Namba 4.1 ikionekana katika maandishi ya Kiingereza, karibu siku zote inazungumziwa silaha ya Kijerumani.

Majina ya umaarufu huleta hasara kubwa zaidi. Mwaka 1914 Wajerumani walitumia hauza za milimita 420 kuvunja ngome za Liège nchini Ubelgiji, nazo zikajulikana kwa jina la Bertha Mnene. Mwaka 1918 walipiga Paris kwa mzinga mwingine kabisa, wenye mtutu mrefu mno na kombora la milimita 210 tu, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 110. Watu wa Paris waliuita nao Bertha. Tangu hapo picha za silaha hizi mbili zimekuwa zikibadilishana maelezo katika vitabu na magazeti, ingawa kombora la ile ya kwanza lina kipenyo maradufu ya la pili. Katika Vita Kuu ya Pili, mzinga wa reli wa sentimita 80 uliotumika Sevastopol mwaka 1942 ulirusha kombora la kutoboa zege lenye uzito wa takribani tani 7, na picha zake huambatanishwa hata na habari za vita vya mwaka 1914. Anayekutana na kombora linalompita mtu kimo kwa mbali anapaswa kuanza kwa kushuku mwaka ulioandikwa.

Majengo ni shahidi mwaminifu zaidi wa tarehe. Picha za Zanzibar zenye magofu mara nyingi huandikwa kuwa ni za shambulio la mwaka 1914, ilhali nyingine ni za tarehe 27 Agosti 1896, wakati manowari za Kiingereza zilipolipiga kasri la Sultani kwa muda usiofika saa nzima. Jumba la Beit al-Ajaib husaidia kuzitenganisha. Kabla ya shambulio la 1896 mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya jumba. Mnara huo uliharibiwa, na katika matengenezo yaliyofuata mnara mwingine wenye saa ulijengwa ukiwa umeungana na uso wa jumba. Picha yenye magofu mapya na jumba lisilo na mnara usoni haiwezi kuwa ya 1914, na makombora yaliyomo humo si ya Königsberg.

Kwa mwenye picha ya familia, hatua iliyo muhimu kuliko zote ni kutogusa maandishi ya asili. Maelezo mapya yaandikwe kwenye karatasi tofauti, na yatenganishe kinachoonekana na kinachokisiwa: “kombora moja, mkanda mmoja wa shaba, kipenyo takribani milimita 150 kwa kulinganisha na reli, huenda ni la inchi 6”. Sentensi ya namna hiyo hairembi, lakini mtafiti wa miaka 50 ijayo ataweza kuikagua. Wanaopenda kukabidhi nakala wanaweza kuwasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa au Makumbusho ya Taifa, na kwa upande wa Zanzibar, taasisi inayosimamia nyaraka na kumbukumbu.

Kitu chenyewe kinapokutwa

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahusu karatasi. Hayatumiki kwa chuma kilichopo shambani, mtoni au dukani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna dalili katika picha wala kwa macho inayoweza kuthibitisha kwamba kombora ni tupu. Kutu haipunguzi hatari. Asidi ya pikriki iliyomo katika makombora ya lidaiti, ikigusana na metali kwa miaka mingi, huweza kutengeneza chumvi ambazo hulipuka kwa mguso mdogo kuliko baruti yenyewe ilipokuwa mpya. Ubelgiji na Ufaransa, zaidi ya miaka 100 baada ya vita hivyo, hadi leo zina vikosi maalumu vinavyokusanya makombora yanayofukuliwa na majembe ya wakulima. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, milipuko ya maghala ya Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, ingawa ilihusu silaha za kisasa, ilionesha wazi kombora linaweza kufanya nini likiangukia makazi ya watu.

Anayekuta kitu cha namna hiyo asikisogeze, asikigonge, asikisafishe wala kukikata, na asichome moto majani yaliyo jirani. Asikiwekee rula, bunduki ya mtoto wala sanduku la kiberiti ili kupata kipimo cha picha. Kama simu ipo, picha moja ya kutoka mbali inatosha, pamoja na alama ya kudumu ya mahali, kama mti au kona ya njia. Watoto na mifugo waondolewe, na taarifa itolewe kwa serikali ya kijiji au mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa namba ya dharura 112, ili wataalamu wa milipuko waitwe. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayeletewa kombora asilipime kwenye mizani wala kumwagiza aliyelileta alirudishe lilikotoka. Aliache pale lilipowekwa, awaondoe watu na atoe taarifa. Umiliki wa silaha na risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na vitu vya kihistoria vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa hiyo kombora lililokutwa si mali ya kuuza wala pambo la sebuleni, hata kama picha yake ukutani haina ubaya wowote.